Maji Yalipoingia Chumba cha Miswada

Jumatatu, 4 Machi

Bomba la choo cha ghorofa ya juu. Limepasuka wikendi, hakuna aliyekuwepo. Nimefungua chumba cha miswada asubuhi, maji yakanipokea kizingitini. Yalikuwa yanateremka ukutani taratibu, kama vile ndiyo njia yao ya kila siku.

Kabati za ukuta ule zimelowa zote. Barua, ramani, vitabu vilivyoandikwa kwa mkono ambavyo havina nakala popote duniani. Mimi na Fundi – anayeshona majalada, tuko pamoja tangu sijaolewa – tumebeba mpaka mikono ikafa ganzi. Karatasi ikilowa ina uzito wa maiti.

Mkuu wa maktaba alisimama mlangoni, kakunja suruali. Akauliza kama hivi ndivyo vitabu wanavyoazima wanafunzi. Nikamwambia hapana, hivi haviazimwi, ni vya pekee.

"Afadhali," akasema.

Afadhali!

Jumanne, 5 Machi

Haviwezi kukauka vyote kwa mpigo, ukungu utatuwahi. Inabidi vigandishwe kwanza, halafu tukaushe kidogo kidogo. Lakini friji yetu ni ya maziwa ya chai.

Nikampigia shemeji, mume wa mdogo wangu. Ndiye anayeshika funguo za chumba cha baridi kwenye kiwanda cha nyama. Alicheka. "Shemeji, vitabu na ng'ombe?" Halafu akaisikia sauti yangu, akaacha. Katupatia kona moja, ila bosi wake asijue.

Jioni tumepeleka maboksi. Mashairi ya watu yamelala chini ya mapaja ya ng'ombe yanayoning'inia. Nimeyafunika nailoni juu ya nailoni, damu isiyadondokee.

Fundi hakuweza kusubiri. Kuna mswada alijaribu kuubandua kurasa, zikamchanikia mikononi. Akaenda nyuma ya rafu, nikaona mabega yanatikisika. Nikajifanya natafuta kamba.

Jumatano, 6 Machi

Mkuu kaniita. Jumanne ijayo kuna familia kubwa inakuja kutukabidhi nyaraka za babu yao. Kamera zitakuwepo. Kwa hiyo neno "maji" lisisikike. Anayeuliza aambiwe tunapaka rangi.

"Tumeelewana, dada?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hiki!

Alhamisi, 7 Machi

Bibi kaja. Alhamisi ni yake. Ni mjane wa mwalimu wa shule ya msingi aliyetunga utenzi mrefu kuhusu maisha yao, akatuachia sisi tuutunze. Bibi mwenyewe hakubahatika kusoma, kwa hiyo mimi humsomea. Kuna ubeti marehemu anamtania kwamba anakoroma kama mashine ya kusaga. Hapo hucheka mpaka ajifute machozi. "Muongo yule! Hebu rudia."

Nakala hakuna. Kila mwaka nimeomba mashine ya kunakili. Kila mwaka naambiwa – mwakani.

Nikamwambia tunapaka rangi.

Akavuta hewa puani. "Mwanangu, mbona rangi siisikii? Nasikia uvundo."

Akakaa. Mimi nikabaki nimesimama, nikamweleza yote. Hakupiga kelele. "Siku alipokufa walinifuata sokoni wakaniambia palepale, nina mzigo kichwani. Leo anakufa mara ya pili, wewe unanificha?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Yuko wapi sasa?"

Kwenye kiwanda cha nyama, Bibi. Kwenye baridi.

Kisha akasema, "Basi si haba. Joto alikuwa halipendi kabisa." Tukacheka. Kicheko kibaya, kile cha msibani.

Ijumaa, 8 Machi

Nakohoa. Baba watoto anasema ni ukungu umeniingia kifuani, niende hospitali. Makaratasi hayatanizika, anasema. Sijabishana naye. Sina pumzi.

Jumamosi, 9 Machi

Shemeji kapiga simu, anahema. Bosi kayaona maboksi. Yametupwa uani, juani, njooni upesi!

Tulipofika barafu ilishageuka maji. Nzi kila mahali. Karatasi zinanuka nyama, na pembeni zimeanza vidoa vya kijani. Shemeji alitusaidia kupakia bila kutuangalia usoni. Kafukuzwa kazi. Kwa ajili yangu. Mdogo wangu hapokei simu.

Ikabidi nimweleze Mkuu. Akajibu bila hata kufikiri: Jumatatu asubuhi vichomwe vyote kwenye tanuri la takataka za maabara. Ukungu utaambukiza vilivyo vizima. Na hapo ndipo panaponiuma – hajakosea sana. Vikirudishwa rafuni hivi vilivyo, vitaviua na vingine. Lakini vikikauka je? Hataki kusikia. Anawaza kamera.

Jumapili, 10 Machi

Tumeingia chumba cha kusomea, mimi, Fundi na Bibi. Bibi kaja na mashuka yake ya zamani, tumeyatandaza mezani. Tumefunga kamba kutoka rafu hadi rafu, tumeazima feni kila ofisi iliyokuwa wazi. Kazi ya kuinua ukurasa mmoja, kuuweka, kuinua mwingine. Fundi leo hajachana hata mmoja.

Mchana tukafungua furushi la mwalimu. Bibi alikuwa ananipokeza kurasa.

"Huu?"

Umefutika, Bibi.

"Na huu?"

Umefutika.

Akaendelea hivyo, sura imemkauka, kama mtu anayefunuliwa nyuso chumba cha maiti amtambue wake. Wino umekuwa wingu la buluu tu. Halafu katikati ya furushi – huu upo! Na huu! Na huu unasomeka ukiuelekeza dirishani! Bibi akaushika mmoja kwa ncha za vidole, akauliza juu ni wapi na chini ni wapi. Nikamwonyesha.

Ule ubeti wa kukoroma hakuuulizia. Nami sikumtajia.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika hapahapa, chumba cha kusomea.

Mkuu alikuja na vibarua na mkokoteni. Nikamwomba siku mbili. Akasema wageni ni kesho. Akasema, "Dada, usinilazimishe nikufanye nisichotaka." Kibarua mmoja akaanza kukusanya kurasa za meza ya mlangoni, akizikunja kama magazeti. Bibi akamshika mkono. Hakumsukuma, alimshika tu. Yule bwana akaziacha, akatoka. Wenzake wakamfuata. Mkuu akatoka kuwarudisha – na mimi nikafunga mlango. Kwa ndani! Sikujua kama nitafanya hivyo mpaka nikasikia ufunguo unageuka.

Wanagonga. Sasa wameacha. Nasikia Mkuu anampigia mtu simu, anatamka jina langu lote, na la baba yangu.

Fundi anasema tumekwisha. Anasema huku anageuza ukurasa.

Feni zimezimika. Zote, kwa pamoja. Korido taa inawaka, naiona chini ya mlango. Wamekata umeme wa chumba hiki tu. Madirisha yalipigwa misumari zamani, ya kuzuia wezi. Joto limeshaanza kupanda na kurasa bado mbichi.

Bibi kachana mfuniko wa boksi, kasimama mezani, anapepea. Fundi kachukua mwingine. Wananiangalia. Naiweka kalamu –