Tochi Tatu na Mstari wa Tano

Jumatatu, 3 Machi
Nimewaficha wanangu kwamba macho yangu yamekwisha. Haya, nimeandika. Kwa kalamu nene ya mabango, herufi kubwa kama za chekechea. Daktari wa macho alisema presha ya macho imeua mshipa wa kuonea, na kilichokufa hakirudi. Wa moyo naye kanishauri nisipange mambo ya mbali. Mmoja kazima taa, mwingine anafunga duka!

Wasijue. Mama yao alipopata kiharusi walikubaliana: tutabaki pamoja humu ndani maadamu namudu kumpimia dawa ya kifafa. Nikishindwa, yeye ataenda kwa binti yetu, mimi kwa kaka mtu. Miji miwili. Kwa umri wetu huko si kuhama — ni kuzikwa mbalimbali kabla ya kufa.

Dawa yenyewe ni ya maji. Naivuta kwa bomba la sindano, bila sindano, hadi mstari wa tano. Mistari imefifia mno. Kinachotakiwa ni mwanga. Mwanga mkali tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua tochi, jina lake Radi. Muuza vifaa vya umeme kaapa inamulika hadi mnara wa simu. Mimi nataka imulike kidole changu! Mchana nikaiwasha jikoni, bomba mbele yake. Ukungu mweupe. Nadhani ni ule mwanga wake wa kibuluu. Nitairudisha.

Fundi cherehani, jirani yetu, alinikuta nayo mlangoni.
"Mwalimu! Tochi na jua hili? Au jua nalo limekatwa kwa kutolipa bili?"
Nikacheka. Ana namba ya binti yangu, na mdomo wake hauna kitasa.

Jumatano, 5 Machi
Nimebadilisha, nimepewa Mwewe. Mwanga wa manjano, kichwa chake unakizungusha kukaza miale. Nilimuuliza muuzaji ina lumeni ngapi, yaani mwanga kiasi gani. "Nyingi sana, mzee wangu." Zamani ningempa adhabu.

Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Mwanafunzi aliyebadilisha balbu ilhali waya umekatika nilimpa sifuri. Najua. Najua! Lakini huenda Mwewe haina nguvu ya kutosha. Ipo ya tatu, Zuhura, iliyo juu kabisa kwenye rafu.

Mke wangu alitetemeka mkono alasiri, kisha mguu. Ikapita. Akaniuliza kwa ule ulimi wake mzito: "Mwalimu, unanipunja dawa?" Alikuwa anatania. Nafikiri alikuwa anatania.

Ijumaa, 7 Machi
Zuhura. Nzito kama nyundo, na inachoma kiganja. Ukutani naona doa. Doa! Nilifurahi kama mjinga. Nikaingia chumbani nimtazame mama watoto, maana uso wake sijauona vizuri tangu mvua zilizopita. Nikamulika. Nikasogea. Kijivu. Nikasogea tena.
"Itoe hiyo machoni, mwenzangu! Unanichoma!"
Nilikuwa nimeielekeza kwenye mboni zake na sikujua. Niliomba radhi. Akajifuta macho, kisha: "Kwani ulikuwa unatafuta nini usoni mwangu?" Nikamjibu kwamba najaribu betri.

Jioni nikampa dawa. Nilipapasa kishikio cha bomba kwa kidole gumba. Nikaongeza kidogo, kwa sababu ya mtetemeko wa juzi.

Jumamosi, 8 Machi
Hajaamka.

Anapumua. Nimemwita, nimemtikisa, nimempaka maji. Anakoroma, mkono ukiinuliwa unaanguka.

Binti yetu kaingia na basi la kwanza. Sikumwita mimi. Fundi cherehani alimpigia jana, kwamba mzee kila siku ana tochi mpya, labda mnawindwa na wezi. Kafika mlangoni anahema: "Baba, mmevamiwa?" Halafu akamwona mama yake.

Sasa yuko ukumbini, anaongea na daktari kwa simu. Gari la wagonjwa liko njiani. Mimi niko kitandani kando ya mama yao. Naandika kwa sababu mkono ukikosa kazi unaanza kugonga ukuta. Tochi zote mbili nimezisukuma chini ya mto, kama mwizi.

"Baba, jana ulimpa kiasi gani?"
Mstari wa tano, nimejibu. Upesi, kama aliyekariri.
Nasikia anamwambia daktari: tano, kama kawaida. Daktari anasema jambo. Binti anarudia: basi huenda ni kiharusi kingine, wataanzia huko.

Watamtibu ugonjwa asiokuwa nao. Kwa neno langu.

Nikisema, anaondolewa mikononi mwangu leo hii. Nisiposema —

Karudi mlangoni. Simu bado iko sikioni. "Baba, daktari anauliza una hakika na hiyo tano? Uliiona?"

Nimemwambia: sikuiona, mwanangu. Sijui nilimpa kiasi gani. Nimekuwa nikikisia tangu kabla ya tochi ya kwanza.