Da' Salma, Nimeubadilisha Mwongozo Wako

Da' Salma,

Mtoto kalala. Nguo bado ziko kwenye beseni, acha zikae. Nina jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe: nimeubadilisha mwongozo wako.

Usinune kwanza.

Unakumbuka nilivyoanza pale karakana ya useremala Chang'ombe, na tumbo langu la miezi saba, kompyuta sijawahi kuishika? Ulinipa mwongozo uliouandika mwenyewe, wa ile programu inayotunza kila toleo la michoro ya milango, ili fundi akibadilisha kitu leo, mchoro wa jana usipotee. Uliandika: hifadhi kwa JINA LA MTEJA. Mie nikachapa hivyo hivyo, JINA LA MTEJA, wiki nzima. Ulipokuja kuangalia ukaniuliza, "We Neema, huyu Jina la Mteja anajenga hoteli? Mbona milango yote yake?" Ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye maranda.

Lakini dada, tuseme kweli. Ukurasa wa kwanza, neno la kubadilisha uliliandika kwa herufi kubwa. Wa tatu, kwenye mabano. Wa tano, vidoti tu. Wewe ulikuwa unajua kichwani, na sie tulikuwa tunakuuliza wewe, si karatasi.

Tangu tukuzike wananiuliza mie. Zawadi, binti aliyekalia kiti chako, alichapa vile vidoti kama vilivyo. Siku mtoto ana homa alinipigia mara nne, niko kwenye foleni ya zahanati. Ya nne nikalia. Si kwa hasira. Nilikutaka wewe.

Nikamwambia bosi nataka kuurekebisha mwongozo. Akasema, "Usiuguse, hiyo ndiyo kumbukumbu yake." Nikamjibu, "Nisamehe mzee, nauguza mtoto huku napigiwa simu. Nitaugusa."

Basi nimechagua njia moja. Neno la kubadilisha liko ndani ya mabano, kila ukurasa. La kuchapa kama lilivyo halina alama yoyote. Na juu kabisa nimeeleza kwamba mabano yenyewe hayachapwi. Mengine ni yako, hata pale ulipoandika "ukichanganyikiwa, kanywe maji kwanza." Toleo lako lote limo humo humo kwenye programu, halijafutwa. Hata hivyo nilikaa siku mbili ndipo nikabonyeza kuhifadhi.

Juzi mtoto kaumwa tena. Nikabaki nyumbani, simu mkononi. Saa nne kimya. Saa saba kimya. Nikashindwa, nikampigia mie.

"Da' Neema, nawe! Mlango ushakatwa. Mwongozo si upo?"

Nikakaa kitandani na mwanangu, tukanywa uji wetu taratibu, hakuna aliyetuita. Nilifurahi, dada. Nikakukumbuka mno.

Mungu akulaze pema. Mie nakuahidi hivi: mtu akikwama, nitaukagua mwongozo kwanza kabla sijamkunjia uso yeye.

Mdogo wako,
Neema