Mgeni Mletee Kijiko

Alhamisi. Upepo wa Singida mjini unaleta vumbi mpaka humu kwenye kibanda cha intaneti, na mimi nimechoka hadi kope.

Mnaonisoma mnanijua. Shule niliishia kidato cha pili, lakini toka Manyoni hadi Kiomboi hakuna anayenifikia kwa galatoni, yaani gitaa kavu, kwa mtindo wa Wamarekani wa vijijini: gumba linapiga besi, vidole vitatu vinaimba. Nilijifunza kwenye kanda alizoacha mzungu mmoja mchimba visima.

Hakuna anayenifikia kwa sababu niko peke yangu.

Miaka mitano sasa. Harusini wananiambia nipumzike kidogo, halafu wanaweka bongo fleva, basi ndiyo nimepumzika moja kwa moja.

Ila Jumamosi nampigia gitaa mwenye hoteli mpya, yule wa mashine ya alizeti. Akinikubali, kila wikiendi niko pale. Sijawahi kupata nafasi kama hiyo, kwa hiyo jana nikaenda nyumbani Mtinko kumtambia baba.

Baba aliitikia shikamoo yangu huku anautazama mkono wa kulia. Kucha ndefu, nimezifuga miezi minne. Bila kucha nyuzi hazilii.

"Hizo unafukulia panya?"

"Ndiyo kazi yangu, baba."

Mama akatenga ugali wa mtama na mlenda. Nikanawa, nikasogea. Baba akavuta bakuli upande wake.

"Mama Neema, mgeni mletee kijiko."

Mgeni.

Nilikula kwa kijiko, sahani yangu peke yangu, najichekesha. Nakiri, sikusikia ladha yoyote.

Baadaye dada Neema alinikuta nyuma ya zizi nimeshika wembe, nasitasita.

"Kata, mgeni. Au nikuletee na uma?"

Nikakata. Gumba nilitaka kuliacha, maana besi yote iko pale. Lakini gumba ndilo linalobonyeza tonge.

Nikalikata nalo.

Jioni, jua halijazama, nilinawa tena nikasogea. Baba aliushika mkono wangu akaugeuzageuza kama anakagua ndama mnadani. Akasukuma bakuli katikati.

Leo nimerudi mjini, nikajaribu wimbo wa Jumamosi. Umetoka mzito, kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Na kucha haziwezi kuota kwa siku mbili, hata kwa mkali kama mimi.

Huenda nimeikosa hoteli kwa ajili ya bakuli la mlenda. Najitahidi kujuta, nashindwa. Labda ni uchovu tu.

Jumamosi nitakwenda hivi hivi. Mwenye hoteli akiuliza mbona gitaa halilii, nitamwambia limeshiba.