Viatu vya Krismasi

Al Muraqqabat, Dubai
8 Desemba 2014

Mdogo wangu Onesmus,

Pokea salamu zangu nyingi, nikitumaini wewe na wifi mu wazima, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimekwisha. Mimi mzima, ila magoti yananilalamikia kwa kuinama kwenye mabafu ya wageni. Barua hii nimempa Taib, tunayefanya naye kazi hapa hotelini, anayekwenda likizo Mombasa. Usishangae kwamba sikutumia simu. Wewe ujumbe mrefu huusomi, unajibu "sawa" kabla hujafika katikati. Hii uikalie chini.

Huku baridi imeingia, lakini baridi ya kwao: asubuhi sweta, mchana jasho. Hoteli imepambwa kwa mti wa plastiki uliorushiwa pamba, eti theluji. Fauziya, Mganda ninayesafisha naye ghorofa ya tatu, huniuliza kila mwaka sisi Wakristo theluji tuliitoa wapi.

Juzi Jumamosi asubuhi nilikuta viatu vya mtoto nje ya chumba cha Wajerumani fulani. Hapa kiatu kikiwekwa nje ya mlango maana yake ni moja tu, mgeni anataka kipigwe rangi. Ndani mlikuwa na karanga, chungwa dogo na chokoleti. Nikasema watoto hawa, hata kiatu wanakifanya kabati. Nikavitoa nikavitia kwenye mfuko, nikapiga viatu rangi mpaka vikang'aa, nikavirudisha vitupu. Weh, kilio kilichotoka pale! Binti wa miaka sita alikuwa amekaa sakafuni na viatu vyake mapajani, na mama yake akaniambia mtoto anadhani amesahauliwa.

Nilivirudisha vitu mbio nikiomba radhi. Madam hakunikasirikia. Alinieleza kwamba kwao, tarehe sita Desemba, watoto huamka wakakuta zawadi viatuni, na kwamba desturi hiyo imetokana na askofu wa kale, Nikolasi, ambaye inasimuliwa aliwapelekea maskini zawadi kwa siri, hata wasijue wamshukuru nani. Niliitikia kama mtu asiyejua. Kumbe hadithi hiyo nilishasimuliwa na mtawa wa misheni pale nyumbani, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Tarehe sikuishika, nikaipeleka Krismasi.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Mwezi uliopita uliniandikia kwamba Baba amerudi kutoka Tanga, amezeeka na amechoka, na Mama akakataa asikanyage kwake. Umemchukua Baba ukae naye, na tangu hapo humsalimu Mama. Ulisema Mama ana roho ngumu kwa mtu ambaye, mbali alikokuwa, hakuacha Krismasi hata moja ipite bila kututumia kitu cha kutia viatuni. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, na kila mara naona haya.

Onesmus, Baba hakuwahi kutuma kitu. Tangu alipoondoka, ukiwa na miaka minne, hatukupata hata salamu. Ulikuwa unamuulizia kutwa kucha mpaka nikachoka, ndipo nikakwambia uweke viatu mlangoni usiku wa kuamkia Krismasi. Peremende na chungwa nilivipata kwa kumchotea maji Mwalimu Protas. Ulipoamka ukauliza nani kaleta, jina la Baba likanitoka. Ulicheka siku nzima. Mwaka uliofuata ningeachaje?

Uliniambia pia kwamba ulipomshukuru Baba kwa zawadi zile aliinamisha kichwa, ukadhani ni unyenyekevu. Mzee alikuwa anapokea asante isiyo yake.

Bado kuna jambo moja. Mwaka niliokwenda Mombasa kufanya kazi za nyumbani sikupewa ruhusa ya Krismasi. Nililia, maana nilijua uongo wangu umefika mwisho. Niliporudi Januari ukanionyesha mambo uliyoyakuta viatuni: chungwa, peremende, na soksi mpya ambazo mimi nisingeweza kuzinunua. Nilimfuata Mama jikoni nikamuuliza. Hakuacha kukoroga sufuria. Alisema, "Mtoto alishaviweka mlangoni. Ningefanyaje?"

Na juzijuzi uliposimama uani kwake ukimhesabia zawadi za Baba moja moja, na soksi hizo ukazitaja, alinyamaza. Nilimpigia simu nikamsihi akwambie ukweli. Alikataa. Alisema bora umchukie yeye kuliko ukose baba.

Sikuambii umfukuze mzee. Mpe uji na kitanda. Na hasira zako nipe mimi, niko mbali, nitazivumilia. Lakini usiache Krismasi hii ikapita.

Fauziya anakusalimu, na Taib atakuletea tende, usizimalize peke yako. Mbusu mtoto, mwambie shangazi anamkumbuka. Salamu za Mama sizitii humu. Mpelekee zako.

Dada yako,
Mghoi