Mwendo Wangu Kule Uwanjani

Mfaranyaki, Songea

Kaka yangu Sipriani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, na miguu imepungua kuvimba. Huku sisi ni wazima, baridi tu ndiyo inatutesa. Mama anakusalimu sana. Kila jioni anakusalia rozari, na anauliza utarudi lini kutoka Dar es Salaam.

Nilikwenda hospitali kama tulivyokubaliana, wanipime kabla sijaja huko kukutolea figo. Damu ilifaa, mkojo ulikuwa safi. Kesho yake nesi Athanasi, kijana mpole wa Namtumbo, alinipeleka uwanja wa nyuma, akaniambia nizunguke kwa mwendo wa haraka kadiri niwezavyo, bila kukimbia. Alisema muda nitakaotumia na mapigo ya moyo mwishoni huwaonyesha kama mtu ana pumzi ya kuhimili upasuaji.

Nikatembea. Wagonjwa waliokuwa wanaota jua walinitazama. Kila mzunguko nilizidi kuchelewa, na nilipomaliza nikainama, nikahema. Athanasi alinishika kifundo cha mkono, akaangalia saa. Kisha akanisogeza pembeni.

“Dada Honorata, umetembea kama mgonjwa, lakini moyo unapiga kama wa mtu aliyekaa. Wewe hujachoka. Unaogopa?”

Nililia palepale. Akaniambia hakuna anayelazimishwa kutoa kiungo chake, na kwamba ndugu huambiwa tu kuwa mtu hafai, sababu haitajwi. Nikamshukuru. Nyumbani nikamwambia Mama kwamba moyo wangu umeonekana dhaifu. Alinikumbatia, akanikataza kubeba ndoo. Tangu siku ile maji anachota yeye, na mgongo wake unavyomsumbua.

Kaka, moyo wangu hauna ubaya wowote. Nilitembea polepole makusudi. Ningeweza kusema ni kwa ajili ya watoto, maana tangu tumzike baba yao, Rupert, wana mimi tu. Lakini si hivyo. Ni woga. Nikifikiria kisu kinapita ubavuni, mwili wote unakataa. Najua wewe unaishi kwa ile mashine ya kusafisha damu. Najua damu ya mdogo wetu Yasinta haikuoana na yako, na mwingine hayupo. Hata hivyo sitakuja.

Mama hajui. Ukitaka kumwambia, mwambie. Sitakana.

Nisalimie wauguzi wanaokutunza. Watoto wanakuamkia mjomba wao.

Ni mimi mdogo wako,
Honorata