Glovu za Hadassa

Lackawanna, 12 Aprili 2016

Mama Gisubizo,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, kazi inaendelea. Kama wewe ni mgonjwa Mungu akuponye haraka, maana nina maneno na wewe na sipendi kumgombeza mgonjwa.

Simu zako nimezizuia, donc usijisumbue kupiga. Naandika kwa sababu kwa mdomo ningesema vibaya zaidi.

Ulikuja kwangu Pasaka. Nilikupikia, nikakupa kitanda changu, mimi nikalala kwenye kochi. Jumapili, mbele ya mke wa mchungaji na wamama wa kwaya, nikateremsha icyansi cha mama, kile chombo cha mti cha maziwa nilichokibeba mgongoni kutoka milimani kwetu mpaka Burundi, na kutoka Burundi mpaka hapa Buffalo. Nikakupa ukishike. Na wewe, mke wa ndugu yangu, ukafungua mkoba, ukatoa glovu za buluu, ukazivaa, ndipo ukakipokea.

Unajua mimi glovu navaa wapi? Navaa kule kwenye nyumba ya wazee, nikimbadilisha mtu aliyejichafulia. Hiyo ndiyo kazi ya glovu. Mama yangu hakuwa uchafu. Mke wa mchungaji aliangalia chini. Mama Bagula wa kwaya akanifuata jikoni: "Huyu wifi yako anaogopaka nini? Kuko ugonjwa gani mule?" Nikamwongezea chai.

Umeanza hiyo shule yako ya kompyuta na tayari unatuona sote vumbi. Ndugu yangu Ruta angekuwa hai, ungemvalia glovu mbele yake?

Gisubizo anaolewa Agosti kule Columbus. Ruta hayupo, mimi ndiye shangazi, mimi nasimama mahali pa baba yake, na mimi nitamnywesha mtoto maziwa katika chombo cha bibi yake kama ilivyo kwetu. Hilo halibadiliki. Lakini wewe usikiguse tena.

Wifi yako,
Kostansia


Louisville, 24 Aprili 2016

Wifi Kostansia,

Salamu kutoka Beechmont. Hatujambo, Gisubizo anakusalimu, amemaliza kuchagua kitambaa cha harusi na anakusumbukia wewe utavaa nini. Natumaini hasira haijakupandisha presha, maana nakujua.

Bon, glovu. Pale makumbusho ninapopiga deki, mama anayesimamia ghala aliniambia nikisoma kozi ya kutunza vitu vya zamani anaweza kunitoa kwenye ndoo na kuniingiza ghalani. Kozi yenyewe iko kwenye intaneti. Mwalimu yuko mbali, tunamwona kwenye video, tunamwandikia maswali, anatusahihisha. Alitufundisha kwamba jasho na mafuta ya mikono huharibu kitu cha zamani polepole. Nimezoea. Kwetu darasani glovu ni heshima, na wazee wako sikuwafikiria kabisa. Ungeniambia palepale ningezivua. Lakini ulinyamaza, ukanipa chai, ukanisindikiza mpaka kituo cha basi, halafu ukaenda kununua stempu ili unitukane.

Kuna jambo kubwa zaidi. Nilipokinyanyua, unga mwembamba ulidondoka kwenye glovu, na chini ya kitako niliona vitundu. Ndani ya mti kuna wadudu, Kostansia, wanakula. Somo la wadudu nimelirudia ili nisikudanganye. Funga chombo kwenye plastiki, toa hewa, ziba kwa utepe wa gundi, uweke kwenye friza wiki mbili. Watakufa wote na mti hautaumia. Ukichelewa, siku ya harusi kitako kitabaki mezani na maziwa kwenye miguu yako.

Wifi yako,
Hadassa


Lackawanna, 9 Mei 2016

Mama Gisubizo,

Salamu. Tuko wazima, sisi na wadudu wetu.

Umesahau tulivyofika Buffalo. Ile nyumba ya kwanza ilikuwa na kunguni tuliowakuta mule, na mwaka mzima watu wa kanisa walikuwa wanakuja kutusalimia wamesimama. Nilitupa magodoro, nilitupa hata nguo za Ruta alizokuwa ameniachia. Leo ninaishi mahali safi, na wewe unaniandikia kwamba kwangu kuna wadudu. Umemwambia nani mwingine? Bila shaka umeandika na kwenye kompyuta, wazungu wote wa darasa lako wasome.

Na ati friza. Icyansi cha mama kilale kati ya kuku na majani ya sombe. Mama alikuwa anakipitisha kwenye moshi wa majani, anakipaka siagi, anakisimamisha mahali pake. Hakuna mtu aliyemfundisha kwa video. Wewe lakini nitakulaumu bure. Ulikulia mjini Uvira, mkinywa maziwa ya unga kwenye kopo. Ng'ombe ulimwona kwa mara ya kwanza siku ya mahari yako, na ulimkimbia.

Wifi yako,
Kostansia


Louisville, 20 Mei 2016

Wifi,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Ni kweli nilikulia Uvira na ni kweli nilimkimbia ng'ombe. Ruta alicheka wiki nzima. Wadudu lakini hawaulizi mtu alikulia wapi. Hawa siyo kunguni, hawana habari na godoro lako, wanakula mti tu, na wanaingia hata kwenye nyumba ya gavana. Moshi hauwafikii mle ndani.

Kama friza yako haina heshima ya kutosha kwa mama mkwe wangu, nitumie chombo mimi. Nitakigandisha hapa, nitakisafisha, nitakuletea Columbus mkononi mwako.

Gisubizo analia kwa ajili yetu. Mimi silii.

Hadassa, wifi yako


Lackawanna, 2 Julai 2016

Mama Gisubizo,

Nakusalimu kwa furaha. Tuko wazima kabisa.

Nikutumie wewe chombo? Nilijua. Tangu Pasaka hicho ndicho ulichokuwa unatafuta. Mtu hajui kukamua, lakini anajua kuchukua.

Sasa utakosa cha kusema. Nimenunua ile dawa ya kunguni, kopo kubwa lenye picha ya mdudu aliyegeuka miguu juu. Nimepuliza ndani, nimepuliza nje, kwenye vitundu nimepuliza mpaka dawa ikatiririka. Nimekifunga kwenye mfuko, asubuhi nimekifungua, nimekifuta vizuri na kukipaka siagi. Unga umekwisha. Mdudu hata mmoja hakuna. Kinang'aa, mama mwenyewe angefurahi. Na sikulipa shule yoyote.

Nakuja Columbus na chombo changu na maneno yangu ya kumbariki mtoto. Usiniandikie tena kabla ya harusi. Nimechoka kusomeshwa.

Wifi yako,
Kostansia


Louisville, 8 Julai 2016

Kostansia,

Leo salamu nazifupisha. Usikilete hicho chombo.

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye basi na nimeshuka kituo kisicho changu. Dawa ile mti umeinywa. Ukifuta unafuta ya juu tu, ya ndani imebaki. Maziwa yana mafuta, yakikaa mle yataivuta, na mtoto atainywa. Nimemwandikia mwalimu leo hii, nikamweleza kila kitu bila kukutaja jina. Amejibu kwamba katika maghala ya makumbusho kuna vitu vingi vya namna hiyo, vilivyopakwa sumu zamani na watu waliotaka kuviokoa. Wenyewe walipokuja kuvidai ili wavitumie kwenye ibada zao, waliambiwa wasivipeleke mdomoni. Anasema hajui namna ya kuitoa yote.

Ningekuwa karibu ningekupiga, nasema kweli. Wiki mbili kwenye friza zilikushinda, ukaona afadhali sumu. Chombo kilichotoka milimani kizima, kikavuka vita, umekiua wewe jikoni kwako kwa sababu hukutaka niwe nimesema kweli.

Lakini ubishi wetu tuuache. Mnyweshe Gisubizo kwa chombo kingine chochote, nafasi ni yako, hakuna anayekunyang'anya. Ila ukija na kile, nitakizuia mbele ya watu wote. Nakuambia mapema usije ukasema hukuambiwa.

Hadassa, mke wa ndugu yako


Lackawanna, 15 Agosti 2016

Hadassa,

Mimi ni mzima. Yako sitaki kuyajua.

Basi yangu ilichelewa Cleveland. Nilifika ukumbini wamama wameshaanza kuimba, nikavaa vazi langu chooni, nikamimina maziwa, nikaingia. Sikupata hata dakika ya kukusalimia, na sasa nashukuru. Mtoto alipiga magoti. Nilikuwa nimeshataja jina la Ruta. Akanyoosha mikono, akakishika, akakipeleka mdomoni, na wewe ukaja unakimbia na viatu vya kisigino ukampokonya. Maziwa yakamwagikia nguo ya harusi. Ukapiga kelele, "Acha, kuko sumu!" Mara mbili ulisema, kila mtu akasikia. Kisha ukakifunga kwenye shali yako ukatoka nacho nje.

Kayumba, baba wa bwana harusi, akasimama akaniuliza mimi, siyo wewe: "Mama, kwenu munafanyaka hivi?"

Unajua kwetu mwanamke anayewapa watu maziwa yenye sumu anaitwa nani. Jina hilo sasa ni langu. Jumapili hii kanisani benchi langu nilikaa peke yangu. Mama Bagula aliyeniuliza juu ya glovu zako, leo hanywi chai kwangu. Shangazi alitaka kumuua mtoto wa ndugu yake, ndivyo wanavyosema kutoka Columbus mpaka hapa, na wewe ndiye uliyewapa hayo maneno.

Wivu gani huo? Ulinionea wivu dakika moja niliyopewa. Wewe una mtoto, una kazi, una kozi. Mimi nilikuwa na hiyo dakika.

Barua yako ya Julai iko juu ya friji, sijaifungua. Nilikukataza kuandika, na matusi yako nayajua bila kuyasoma. Rudisha chombo cha mama yangu.

Kostansia


Louisville, 4 Septemba 2016

Wifi,

Salamu. Sijui kama unalala vizuri. Mimi silali.

Kumbe hukuifungua. Tangu siku ile nilikuwa naamini umeisoma, ukaja na chombo hivyohivyo ili unionyeshe kwamba huniogopi. Nilimwambia Gisubizo hivyo baada ya harusi; kabla sikumwambia kitu, nikidhani umeshanisikia. Nilipokuona umekishika niliona mtu anayejua anachofanya. Niliogopa, Kostansia. Sijawahi kumwogopa mtu hivyo, hata wanajeshi.

Panda juu ya kiti, uichukue, uifungue. Haijaandikwa vizuri, kuna matusi, ulikisia sawa. Soma mpaka mwisho.

Nimempigia Kayumba nikamweleza kwamba wewe hukujua, kwamba ulitaka kukiokoa chombo. Alisema amesikia. Na mimi siwezi kukimbia kanisa kwa kanisa nikifuta neno moja, sumu. Kwa hilo neno naumia. Kwa kumpokonya siombi radhi. Mtoto angekuwa amekipeleka mdomoni tena leo, ningekimbia tena, na viatu hivyohivyo.

Chombo sikirudishi. Nakujua, utakisugua na siagi na siku moja utammiminia mtu maziwa. Nimekitengenezea sanduku, nimekifunga kwa karatasi laini, juu nimeandika kwamba kimewekwa dawa na kisitumike kwa chakula. Ndicho nilichokifanyia kazi ya mwisho ya kozi. Nimefaulu. Tangu Jumatatu sipigi deki tena, niko ghalani. Nilidhani siku hiyo nitafurahi.

Ukitaka kukiona, njoo. Glovu nitakupa, maana sasa zinahitajika kweli.

Wifi yako,
Hadassa


Lackawanna, 3 Desemba 2016

Mama Gisubizo,

Nakusalimu. Huku theluji imefika madirishani, lakini tuko wazima, na kazi haijasimama.

Barua ya Julai niliifungua. Niliisoma mpaka mwisho kama ulivyosema. Siku hiyo sikwenda kazini. Sina la kuongeza juu ya hilo, na wewe usiongeze.

Chombo kaa nacho.

Wiki iliyopita Gisubizo alikuja hapa na mumewe Cyubahiro, kwa gari, kutoka kwao Columbus. Hakukuambia kwa sababu nilimwomba asikuambie. Leo nakuambia mimi, usije ukasikia kwa watu ukasema tunakuficha. Walinikuta nimetoka kwenye kazi, bado na nguo za kazi, nikataka kuwapikia. Mtoto akanishika mkono: "Shangazi, miye nimekuya kunywa maziwa yangu."

Nilimwambia sina chombo. Akasema anajua. Nikafungua friji, nikatoa maziwa ya dukani, nikachukua kikombe cha plastiki cha watoto, kile chenye mpini. Nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alipiga magoti kwenye kapeti, nikamshikia kikombe, nikataja jina la baba yake na la bibi yake, nikasema yale yote niliyokuwa nimeyaandaa kwa ajili ya Agosti. Yalikuwa marefu, na nikalia katikati, lakini hakuna aliyenikatiza. Alikunywa yote.

Cyubahiro alipiga picha. Nimemkataza kukutumia.

Ulipaswa kuwa umekaa pale kando, mama wa bibi harusi, kama ilivyo desturi. Tuliweka kiti chako kitupu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Lakini kukuita hatukutaka, wala mimi, wala mtoto.

Shangazi wa Gisubizo