Picha Iliyofunika Maneno

Jumatatu, 1 Juni 2009
Ukungu mzito, baridi ya kuuma vidole. Nimekwenda Mbinga mjini, intaneti kafe. Kikundi chetu cha kahawa cha Kitura kimenituma nijaribu programu ya kutengeneza tovuti, kisha nieleze kikaoni faida na hasara zake. Faida nimeiona mapema. Sijui lugha za kompyuta, lakini naandika kama ninavyoandika barua, na picha naiburuta hadi ninapotaka. Ukurasa wa marehemu Mzee Hyera, mwenyekiti wa kwanza, umependeza.

Jumanne, 2 Juni
Jua kidogo. Leo ukurasa wa Mzee Kapinga, mwenyekiti wa sasa. Sikuanza upya. Nimenakili ule wa marehemu, nikabadili jina, maelezo na picha. Umeshaingia mtandaoni. Hasara: umeme ukikatika, kazi inapotea. Nyingine sijaona.

Alhamisi, 4 Juni
Asubuhi wamefika watu kutoka Liuli kumzika Mzee Kapinga. Akina mama wamejifunga khanga kiunoni, wanalia tangu barabarani. Mzee alikuwa anaanika kahawa. Akawapokea mwenyewe. Mtani wake ndiye aliyezinduka kwanza: “Wewe mzee, hata kufa umeshindwa? Tumepanda milima yote hii bure!” Mzee akacheka. Kisha wakamweleza.

Binti yake, Dorothea, aliufungua ukurasa jana akiwa Dar es Salaam. Chini ya picha ya baba yake akasoma: “Apumzike kwa amani.” Kitura simu hazishiki. Akampigia shangazi yake Liuli. Shangazi ana presha. Ameanguka. Yuko hospitali, hasemi.

Ni mimi. Akifa, nimemuua mimi.

Ijumaa, 5 Juni
Sijala. Nimerudi kafe. Kwenye kompyuta niliyotumia sikuona kosa. Nikafungua ya pembeni: picha imeonekana ndogo, maneno ya rambirambi wazi chini yake. Picha yangu kubwa ilikuwa imeyafunika tu, nami nikadhani nimeyafuta. Nimeuondoa ukurasa wote. Nimempigia Dorothea, nikamwambia baba yake yu hai. Amelia upya.

Mzee Kapinga alikuwa ananisubiri stendi. Nikapiga magoti mbele za watu.
“Shikamoo baba. Nisamehe.”
“Marahaba. Inuka, twende Liuli. Dada yangu hataamini maneno, ataniamini mimi.”

Jumamosi, 6 Juni
Tuko Liuli, ziwa limetulia. Tulimkuta shangazi hospitali, amefumbua macho. Mzee akamshika mkono. Shangazi akaipapasa mikono yake.
“Mikono ya baridi hivi. Umetoka kaburini?”
“Nimetoka Kitura, dada. Juni yetu huijui?”
Shangazi akaomba uji. Nikatoka nje, nikalia.

Kikaoni nitasema tuichukue programu, ni rahisi. Urahisi wake ndio ulionidanganya. Ukurasa wa marehemu usinakiliwe kwa ajili ya aliye hai, na ukurasa wowote usiingie mtandaoni kabla haujasomwa kwenye kompyuta nyingine. Mzee anataka picha yake irudi. Safari hii awe anacheka.

Shangazi amesinzia, anakoroma. Nami nalala sasa. Saa tatu na robo.